"Replenish" ya Mwanzo 1:28 haimaanishi kujaza tena

Ile meseji imerudi tena kwenye magrupu, ile ya kwamba Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inamwambia Adamu "replenish the earth", yaani aijaze dunia TENA, kwa hiyo eti kulikuwa na watu kabla yake wakaisha wote. Inavutia, nakubali, mi mwenyewe niliwahi kuiamini kitambo.

Shida iko kwenye hilo neno. Siku hizi replenish ni lugha ya dukani, stoku ikiisha unaongeza, lakini enzi zile lilimaanisha kujaza tu, kujaza mpaka pajae. Limetoka Kifaransa cha zamani, replenir, na mzizi wake ni Kilatini plenus, yaani kilichojaa, na hiyo "re" ya mbele hapo inatia mkazo tu, haisemi "tena". Wanaokosea siwalaumu, maana mtu anasoma neno la miaka 400 kwa maana ya leo.

Kuhakiki ni rahisi. Fungua Mwanzo 1:22, samaki wanaambiwa wajaze maji ya bahari, Kiebrania ni kitenzi kilekile cha 1:28, ila pale Kiingereza kimeandika "fill". Sasa kuna bahari ya samaki wa kwanza waliokufa? Na Biblia yetu ya Kiswahili inasema "mkaijaze nchi", hamna "tena" hapo.

Kinachochanganya zaidi ni Nuhu, 9:1, naye kaambiwa vilevile, na kwake dunia kweli ilikuwa imebaki tupu, lakini hilo tunalijua kwa sababu ya gharika, sio kwa neno lenyewe.

Kwa hiyo ukiletewa hiyo meseji usiiforwadi jamani, iishie kwako.