Chapa iliyo chini ya sahani ya Kichina haithibitishi umri wake

Wiki hii tena nimeletewa sahani ya kaure ya Kichina, na kabla sijaipokea mkononi mwenyewe aliigeuza, akanionyesha herufi nne za buluu, akaniambia kwamba maadamu jina la mfalme Kangxi limeandikwa pale, sahani ni ya enzi yake, yaani kati ya 1662 na 1722. Katika kazi ya kuthamini vyombo vinavyokwenda mnadani, sijui dhana nyingine ninayolazimika kuisahihisha mara nyingi kama hii.

Wafinyanzi wa Jingdezhen, mji uliotoa sehemu kubwa ya kaure iliyouzwa Ulaya, walikuwa na desturi ya kuandika majina ya wafalme waliokwisha kufa zamani, wakati mwingine kwa kuzienzi kazi za kale na wakati mwingine kwa kutafuta soko. Vyombo vingi vilivyotengenezwa enzi ya Kangxi mwenyewe vina jina la Chenghua, mfalme wa nasaba ya Ming wa karne ya 15, kwani mwaka 1677 mkuu wa wilaya alipiga marufuku jina la mfalme aliye madarakani kuandikwa kwenye kaure. Chapa ya Kangxi ya herufi nne, ambayo wateja wangu huiamini mno, ilienea hasa mwishoni mwa karne ya 19.

Linaloniuma zaidi ni upande wa pili wa dhana hiyo. Seti za mezani ambazo wafanyabiashara wa Uingereza, Uholanzi na Uswidi waliziagiza katika karne ya 18 kwa kawaida hazina chapa yoyote. Nimemwona mtu akiiuza kwa bei ya kutupa sahani ya karibu 1750 yenye nembo ya ukoo wa Kiingereza, kwa sababu tu chini yake hapakuwa na maandishi, kisha akanunua mtungi wenye chapa usiotimiza miaka mia. Na iwapo maandishi yenyewe ni jina la China kwa herufi za Kilatini, chombo huwa ni cha baada ya 1891, sheria ya forodha ya Marekani ilipoanza kudai nchi ya asili itajwe.

Kwa hiyo nitasema tena ninalosema kila siku: acha maandishi, papasa mguu wa sahani, yaani ukingo wa chini unaokalia meza. Tazama ile duara isiyopakwa utando wa kung'aa, kwenye mwanga wa mchana, utafute wekundu hafifu wa chuma kilichoungua tanurini pale utando unapokomea. Wekundu huo peke yake hautoshi, lakini hufundisha jicho kuliko chapa kumi. Kiwanda cha Samson cha Paris, kilichoanza 1845, kilinakili seti za nembo kwa ustadi mkubwa, na aliyezoea kupapasa mguu hadanganyiki kwa urahisi.

Si kila sahani ya buluu na nyeupe ni ya Ming, wala si kila bakuli la zamani lililohifadhiwa Lamu au Unguja ni la Kichina; mengine yalitoka Maastricht, Uholanzi, katika karne ya 19. Ufa hupunguza bei bila kuifuta, ila ufa uliofichwa kwa rangi, ambao taa ya urujuanimno huufichua, huwafukuza wanunuzi.

Umri nao si uadimu. Meli ya Kiholanzi Geldermalsen ilizama 1752 ikiwa na shehena ya kaure, na vyombo zaidi ya laki moja vilivyoopolewa viliuzwa na kampuni ya mnada ya Christie's mjini Amsterdam mwaka 1986. Sahani za kawaida za shehena hiyo bado zinazunguka minadani, na kinachoitofautisha sahani iliyotoka kwenye meli hiyo na nyingine inayofanana nayo ni ile karatasi ndogo ya mnada iliyobandikwa chini yake. Tafadhali msiibandue, wala msiiloweke sahani majini kwa nia ya kuisafisha kabla ya kuniletea.