Msitu Ukigeuka Malisho ya Ng'ombe wa Maziwa: Kaboni ya Udongo Huenda Wapi?

Enzi za kivuko cha Kigongo–Busisi nilivuka mara nyingi nikitoka Buchosa na mifuko ya udongo miguuni, kila mmoja na kikaratasi chake, naipeleka maabara. Abiria wa pembeni hakosi kuuliza. "Mtama huo, kaka?" Nikijibu kuwa ni udongo, tena unakwenda kupimwa kaboni, basi maongezi yamefunguliwa. Kabla hatujagusa ng'ambo nimeshasikia dhana tatu nne, zilezile ninazozikuta kwa wafugaji wa Misungwi na kwa watu wa miradi wenye magari mazuri. Moja wapo niliiamini mwenyewe mpaka nilipoharibu hesabu nzima ya msimu, nitaifikia.

Jambo lenyewe ni hili: msitu wa nchi za joto na mvua umefyekwa, zikapandwa nyasi, akawekwa ng'ombe wa maziwa. Udongo umepoteza kaboni, ile inayokaa kwenye mboji na ikipotea hupaa kama hewa ya ukaa, au umeongeza? Utafiti mwingi wa swali hilo ulifanyika mbali, katika jimbo la Rondônia huko Brazili na katika Costa Rica. Kwetu Kanda ya Ziwa misitu minene imebaki vipande tu, kama Minziro kule Missenyi, Rubondo na Maisome. Lakini majibu ya huko yanasafirishwa mpaka huku, na njiani yanapindika.

"Udongo mweusi ndio wenye kaboni"

Hili huanza kila mara. Mtu ananionyesha mbuga yake nyeusi tii kisha ananitazama kama aliyeshinda kesi.

Wasukuma wana majina ya udongo kutoka mlimani hadi bondeni: luseni ya kichanga, itogolo inayokauka ikawa kama saruji, kisha mbuga chini kabisa. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, miaka ya 1930, aliposema udongo wa Afrika Mashariki umepangana kama mnyororo kufuata mteremko, aliandika kitaalamu kitu ambacho mkulima wa Kwimba alikuwa anakijua kwa jembe. Ila rangi ya mbuga inadanganya. Mboji kidogo ikijipaka kwenye chembe za mfinyanzi wa aina ile, udongo wote unakuwa mweusi, na ukipima unakuta kaboni ya asilimia 1 au 2, pengine haifiki hata 1. Udongo mwekundu chini ya msitu unaweza kuuzidi, na kwa macho huwezi kujua.

"Msitu ukifyekwa, kaboni yote ya ardhini inapaa"

Ya juu, yaani miti, ndiyo inayopaa. Ya ardhini ina mwenendo wake.

Uchambuzi mmoja wa mwaka 2011 ulikusanya vipimo vya nchi za tropiki ukakuta kwamba msitu wa asili ukigeuzwa malisho, udongo hupoteza kwa wastani kama asilimia 12 ya kaboni yake. Ukigeuzwa shamba la mazao ya msimu, hupoteza kama asilimia 25. Uchambuzi mwingine wa 2002, wa dunia nzima, ulipata kwamba malisho yaliyotoka msituni yaliongeza kaboni kwa wastani wa asilimia 8. Watu huchukua wanaoutaka kati ya hizo mbili wakaufanya msahafu. Mimi nasoma hivi: malisho yanaweza kupanda au kushuka, kutegemea aina ya udongo, mvua na mkono wa mwenye ng'ombe, ila jembe likiingia kila msimu mara nyingi hushuka tu.

Sababu ni mizizi. Nyasi hufa na kuchipua mizizi mipya mwaka mzima, na ardhi haigeuzwi. Kaboni inayoachwa humo ndani hudumu kuliko ile ya jani linaloozea juu.

Na tunajuaje kwamba kaboni iliyomo ni ya nyasi na si ya msitu wa zamani? Miti haitengenezi chakula chake kwa njia moja na nyasi za nchi za joto. Nyasi hizo ziko kundi moja na mahindi, mtama na muwa, na katika mwili wao kaboni nzito, kaboni-13, ni nyingi kidogo kuliko ilivyo kwenye miti. Tofauti hiyo hubaki hata jani likishakuwa mboji. Ukipima udongo wa malisho ya miaka ishirini unaweza kusema kiasi hiki ni cha msitu uliokufa, kiasi hiki ni cha nyasi. Kule Rondônia ndivyo walivyoona kaboni ya msitu ikipungua mwaka hadi mwaka huku ya nyasi ikiingia nafasi yake. Jumla inaweza kusimama palepale wakati ndani mali imebadilisha mmiliki.

"Basi malisho mazuri ni sawa na msitu"

Hapa ndipo mjanja anapotaka kukufikisha, na hapa nakataa.

Msitu wa mvua uliokomaa hubeba zaidi ya tani 100 za kaboni kwa hekta juu ya ardhi, na mingi hupita 150. Nyasi hubeba tani chache. Tuseme udongo wa malisho yako unaongeza kilo 300 za kaboni kwa hekta kila mwaka, jambo ambalo si dogo. Kulipa deni la tani 150 utahitaji miaka 500, na udongo hautaendelea kuongeza muda wote huo, maana hufika mahali ukashiba.

Kisha kuna ng'ombe mwenyewe. Kiwango cha kukadiria cha IPCC, lile jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi, cha mwaka 2006 kwa ng'ombe wa maziwa wa Afrika ni kilo 46 za methani kwa mwaka, karibu yote kwa kubeua. Methani ya mifugo, ikihesabiwa kwa miaka 100, huongeza joto takriban mara 27 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Zidisha: kilo 1,242 za hewa ya ukaa. Katika kila kilo 44 za hewa hiyo, kaboni yenyewe ni kilo 12 tu, kwa hiyo ukitaka udongo umlipie ng'ombe mmoja kubeua kwake tu, lazima uhifadhi kama kilo 340 za kaboni mpya kila mwaka. Sijagusa nitrasi oksaidi, hewa nyingine ya kuongeza joto, inayotoka pale mkojo ulipomwagika. Halafu udongo wa msitu wenye hewa ya kutosha hula methani kutoka angani, lakini ukishakanyagwa na kulowa huacha kazi hiyo. Baadhi ya malisho ya Rondônia yalikutwa yanatoa methani badala ya kuila.

Simlaumu mfugaji wa Ilemela mwenye ng'ombe wawili nyuma ya nyumba. Huyo hakufyeka msitu. Nasema tu hesabu isifanywe nusu.

"Asilimia ya maabara inatosha"

Hii ndiyo iliyoniangusha mimi, kwa hiyo mnivumilie nikae nayo.

Maabara hukupa asilimia. Udongo wa msituni, tuseme, asilimia 2.5, na wa malisho jirani asilimia 2.2. Kila mtu anaona malisho yamepungua. Mwenzako mwenye bidii anakuambia asilimia haitoshi, tafuta tani kwa hekta, kwa hiyo pima pia uzito wa udongo kwa ujazo: unagongelea silinda ya chuma ardhini, unaitoa na udongo wake, unaukausha katika oveni kwa nyuzi 105, unapima. Udongo wa msituni ni laini, mita moja ya ujazo ina tani 1. Wa malisho umeshindiliwa na kwato, una tani 1.3.

Sasa hesabu mpaka kina cha sentimita 30. Msitu: hekta moja ina tani 3,000 za udongo, mara asilimia 2.5, unapata tani 75 za kaboni. Malisho: tani 3,900, mara asilimia 2.2, unapata tani 85.8. Ghafla malisho yameshinda kwa karibu tani 11! Nilifurahi mno nilipopata jibu la namna hiyo mara ya kwanza. Niliandika ripoti, nikaipeleka.

Mzee mmoja wa maabara, aliyekuwa anakaribia kustaafu, alisoma akacheka, akachukua sifongo ya kuoshea vyombo akaikandamiza mezani. "Mwanangu, maji yameongezeka humu?" Ng'ombe hakuleta kaboni. Alishindilia udongo, mimi nikachimba sentimita zilezile 30 nikachota tani 900 zaidi za udongo, ule ambao zamani ulikuwa chini ya kipimo changu. Kulinganisha kwa haki ni kuchukua uzito uleule pande zote mbili. Tani 3,000 za udongo wa malisho ziko ndani ya sentimita 23 tu za juu. Tukichukulia asilimia ni ileile, zina tani 66 za kaboni. Faida yangu ya tani 11 ikawa hasara ya tani 9.

Namba hizi nimezichagua ziwe nyepesi kuhesabika, lakini mtego ni wa kweli, na tafiti nyingi za zamani zimo ndani yake. Mtu akikuambia malisho yake yameongeza kaboni, muulize kwanza alilinganisha kwa kina au kwa uzito. Akikosa jibu, mkaribishe chai muongee mengine.

"Samadi inaongeza kaboni"

Inaongeza wapi, na inapunguza wapi? Ng'ombe hatengenezi kaboni. Amekula jani, zaidi ya nusu ya jani zuri imemeng'enywa ikatoka kwa pumzi, kwa kubeua na kwa maziwa, na kilichobaki ndicho kinachoanguka nyuma. Akilishwa na kulala palepale, shamba linarudishiwa pungufu ya lilichotoa.

Watu wa ziwa hili wanalijua hilo kwa vitendo. Bukoba, ng'ombe walichungwa rweya, ile nyika ya nyasi, wakalala nyumbani, na samadi yao ikaenda kibanjani kwenye migomba. Nyasi za kutandaza chini ya migomba nazo zilikatwa rweya. Kizazi baada ya kizazi kibanja kikanenepa, rweya ikakonda. Mgeni akipima kibanja peke yake ataandika kwamba ufugaji umejenga udongo, na hatakuwa amesema uongo, ila amesoma ukurasa mmoja wa daftari.

Ukara, kisiwa kidogo cha Ukerewe, ni habari nyingine tena. Ardhi yake ni kichanga cha mawe ya matale, udongo usioshika kitu, na watu ni wengi. Wakara walifuga ng'ombe ndani, kwenye shimo, wakawakatia majani na kuwaletea, matandiko na samadi vikapanda mpaka shimo likajaa, kisha vikabebwa shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea ili wayafukie ardhini. Walikuwa na ufugaji wa ndani kabla mradi wowote haujaja na semina yake. Lakini kichanga hakina mfinyanzi wa kuikumbatia mboji, kwa hiyo ilibidi kazi hiyo irudiwe kila mwaka.

Ndiyo maana namba za malisho ya milimani Costa Rica, kwenye udongo wa majivu ya volkano unaong'ang'ania kaboni, hazihamishiki. Pengine Rungwe wangezitumia kwa tahadhari. Kwenye luseni ya Magu hazina kazi.

"Moto unarutubisha"

Majivu hupunguza uchachu na kuleta potasi na kalsiamu, kwa hiyo nyasi za mwaka wa kwanza huvutia. Naitrojeni imekwenda na moshi. Baada ya misimu michache malisho yanachoka, mfugaji anatafuta kipande kingine cha kufyeka.

"Brakiaria ni nyasi za Wabrazili"

Nimesikia hata mtaalamu akisema. Aina ya Basilisk asili yake Uganda, na Marandu ilitoka Zimbabwe. Brazili wamezipanda kwenye mamilioni ya hekta, sasa zinarudi kwetu kwenye pakiti, kwa bei.

"Nitauza kaboni ya malisho yangu"

Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Vijiji vya wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vimepata fedha, lakini ni kwa msitu uliosimama. Kwa udongo wa malisho, tabu ya kwanza ni kuthibitisha. Kaboni ikiongezeka vizuri inaongezeka kwa sehemu ndogo ya asilimia, na ndani ya shamba moja tu, kutoka kwenye kichuguu hadi njia ya ng'ombe, tofauti ni kubwa kuliko ongezeko la miaka mitano.

Mama mmoja wa Misungwi, mwenye ngitili, yaani malisho ya akiba, ya ekari tatu aliyoiacha ipumzike kwa ajili ya mitamba yake, aliniuliza arudie kupima lini. Nikamwambia asipoteze fedha mwakani. Arudi baada ya miaka mitano, na kumi ni bora zaidi, mwezi uleule, kina kilekile, maabara ileile, na silinda ya uzito asiisahau. "Na nitakumbukaje mlipochimba?" akauliza. Tuliweka jiwe juu ya kila shimo. Mwanza mawe hayakosekani.