Je, wajua kwa nini gazeti la Chicago lilimpa urais mtu aliyeshindwa?

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 3 Novemba 1948, mkazi wa Chicago aliyenunua mapema gazeti la Chicago Daily Tribune alikutana na maneno matatu makubwa juu ya ukurasa wa mbele: DEWEY AMSHINDA TRUMAN. Wamarekani walikuwa wamepiga kura ya rais jana yake. Na aliyeshinda alikuwa Harry Truman wa chama cha Democratic, aliyekuwa tayari rais; Thomas Dewey wa chama cha Republican alikuwa ameshindwa.

Hebu tumuwaze msomaji mmoja asiye na redio. Gazeti analisomea kwenye treni ya kwenda kazini. Akifika, anampa mkono mwenzake aliyemshabikia Dewey, kisha anamlipa dola waliyowekeana dau. Wakati wa chakula cha mchana anamwandikia mama yake barua: tumepata rais mpya. Jioni, mlangoni kwake, jirani anampa habari kamili. Sasa dola ataidai kwa uso gani, na barua imeshaondoka? Zilichapwa nakala zipatazo 150,000 kabla ya kichwa kile kubadilishwa, na kila nakala iliyouzwa ilikuwa na mkono ulioishika. Ndiyo maana kisa hiki kinanichekesha na kunigusa kwa pamoja. Msomaji wa wakati ule asiye na redio hakuwa na pa kulihakiki gazeti lake asubuhi na mapema. Alipoliamini, kutwa nzima aliishi ndani ya habari ile.

Ilikuwaje basi? Wengi husema ulikuwa uzembe wa wahariri. Mimi naona jibu lilianzia kwenye chumba cha kupangia herufi.

Magazeti ya wakati ule yalipangwa kwa herufi za madini ya risasi. Fundi aliketi mbele ya mtambo mkubwa, akabonyeza vitufe, na mtambo ukayeyusha risasi na kutoa mstari mzima wa maneno, wa moto bado. Kazi hiyo ilitaka ustadi wa miaka. Lakini tangu Novemba 1947 mafundi wa magazeti ya Chicago walikuwa kwenye mgomo, wakipinga sheria mpya iliyoubana uwezo wa vyama vya wafanyakazi, ile iitwayo Taft-Hartley. Tribune halikufunga milango. Habari zilipigwa kwa taipureta za kawaida, karatasi zikapigwa picha, picha zikachorwa kwenye mabamba ya chuma, ndipo mabamba yakapelekwa mtamboni. Njia hiyo ilifanya kazi, ila ilikula muda, kiasi kwamba gazeti lililazimika kukamilisha kurasa zake saa kadhaa mapema kuliko kawaida.

Usiku wa uchaguzi, saa kadhaa ni nyingi mno. Muda wa kufunga toleo la kwanza ulipowadia, majimbo mengi yalikuwa bado yanahesabu kura. Mhariri hawezi kuacha ukurasa wa mbele mtupu. Akamgeukia Arthur Sears Henning, mwandishi mkongwe wa gazeti hilo mjini Washington, ambaye katika chaguzi tano za rais alikuwa amembashiri mshindi mara nne. Henning akasema ni Dewey. Habari aliyoiandika ilikwenda mbali zaidi, ikawapa Republican hata mabunge yote mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Mabunge hayo yakaenda kwa Democratic.

Tusimlaumu Henning peke yake. Karibu kila mjuzi wa siasa alikuwa akiimba wimbo huohuo. Elmo Roper, mmoja wa wakubwa wa kura za maoni, aliacha kuwauliza watu tangu Septemba akiamini kazi imekwisha. Kura ya mwisho ya maoni ya Gallup, shirika jingine la kazi hiyo, nayo ilimweka Dewey mbele kwa pointi tano hivi. Wakati huo Truman alikuwa akizunguka nchi kwa treni, akisimama mji baada ya mji na kuwahutubia watu kutoka kwenye behewa la nyuma. Matokeo yalipotimia alikuwa na kura 303 za wajumbe wa majimbo, ambazo ndizo huamua nani awe rais, Dewey 189. Hata jimbo la Illinois, ambako ndiko iliko Chicago, lilikwenda kwa Truman kwa tofauti ya kura zipatazo 33,600.

Kuna jambo moja hapa ambalo kila nikilifikiria nafurahi upya. Sheria ile iliyowachochea mafundi kugoma, Truman mwenyewe aliipinga. Alikataa kuitia saini mwaka 1947, na Bunge lililoongozwa na Republican likaipitisha juu ya kichwa chake. Fuata kamba hiyo: sheria ikazaa mgomo, mgomo ukazaa taipureta, taipureta zikalikimbiza gazeti kabla ya kura kuhesabiwa. Na usiku ambao mtambo ulikuwa ukichapa habari za kushindwa kwake, Truman alikuwa amelala mapema hotelini Excelsior Springs, Missouri.

Siku moja baadaye, tarehe 4 Novemba, treni yake ikielekea Washington ilisimama katika stesheni ya St. Louis. Akapewa nakala ya toleo lile. Picha zilizopigwa pale bado zinatembea duniani: mzee wa miaka 64 mwenye miwani amesimama nyuma ya behewa, amelinyanyua gazeti kwa mikono miwili, kicheko kimemjaa uso mzima. Ukurasa umewaelekea watu, nao wanasoma kwamba huyo aliye mbele yao ameshindwa.

Miaka ilipopita, Tribune nalo likajifunza kukicheka kisa hicho. Likapanga kumpa Truman kibao chenye nakala ya kichwa kile katika kuadhimisha miaka 25 ya uchaguzi ule, mwaka 1973. Mzee akafariki tarehe 26 Desemba 1972, kabla hajakabidhiwa.