Kugandishwa kwenye uhusika: kwa nini dada wa jini harudi kuwa mtu

Ukifuatilia filamu za Bongo za majini na mizimu, kuna dada utamtambua hata kabla hajafungua mdomo. Nywele zimemwagika mgongoni, kucha ndefu, lenzi nyeupe machoni, na filamu ijayo yuko vilevile. Huko ndiko kugandishwa kwenye uhusika: watayarishaji na watazamaji wanamwona msanii kwenye nafasi ya aina moja tu, nyingine hapewi.

Haiba ya msanii ni jambo jingine. Hiyo ni yake mwenyewe: anavyotazama, anavyonyamaza, anavyobeba uchungu. Anahama nayo filamu hadi filamu.

Chukua waigizaji wawili wa Marekani. Linda Blair alikuwa na miaka 14 filamu ya The Exorcist ilipotoka mwaka 1973, akicheza mtoto aliyepagawa. Sura ile ya kutisha ilitengenezwa na mpambaji wa waigizaji Dick Smith, na sauti ya pepo aliitia mwigizaji mwingine, Mercedes McCambridge. Hata hivyo aliyebaki na pepo machoni pa watu ni binti yule, na mwaka 1990 alikuwa bado anacheza mwanamke aliyepagawa, safari hii kwenye vichekesho. Kwangu mimi alionewa. Sissy Spacek alicheza Carrie mwaka 1976, msichana mwenye nguvu za ajabu, lakini tayari alikuwa mtu mzima mwenye kazi nyingine nyuma yake. Filamu ya mwaka 1980 alipoigiza maisha ya mwimbaji Loretta Lynn ikampa Oscar. Unyonge wenye moto ndani yake unauona kwenye zote mbili. Hiyo ndiyo haiba.

Hapa Dar kilichogandisha wengi ni soko. Kwa miaka mingi filamu ziliuzwa Kariakoo kwa kava, na mteja akiona sura aliyoizoea haulizi mara mbili. Bajeti ndogo, siku za kurekodi chache, nani atajaribu mtu mpya? Mtaani nako watoto wanamwita jina la jini. Mwanaume aliyecheza mganga, kesho utamkuta baba mwenye nyumba. Dada yetu hapewi hata umama ntilie.

Siku nyingine mtazame kwenye onyesho analolia, usahau lenzi na kucha. Ukiona uchungu wake umekufikia, kipaji kipo, na anayepaswa kuulizwa ni mwongozaji.