Kukojoa Si Ushahidi Kwamba Figo ni Nzima

"Mbona anakojoa vizuri, daktari?" Swali hili nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba siku hizi hulijibu kabla halijaulizwa. Mgonjwa ametapika na kuharisha kwa siku tatu, presha yake imeshuka, kreatinini yake (taka tunayoipima kwenye damu kujua figo zinachuja kiasi gani) imepanda zaidi ya maradufu, na ndugu zake wananionyesha mfuko wa mkojo kana kwamba ni hati ya kuthibitisha afya. Wengi huiona figo kama bomba: likitoa maji ni zima, likikauka limeharibika. Dhana hiyo imewachelewesha wagonjwa wengi kufika kwangu, na ndiyo maana nitaizungumzia kwa urefu.

Figo mbili za mtu mzima kwa kawaida hazifikii gramu 400 kwa pamoja, lakini hupokea takriban moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani karibu lita 1 kila dakika. Mtu angedhani kiungo kinachopendelewa hivyo hakiwezi kukosa damu kirahisi. Tatizo liko kwenye mgao: sehemu kubwa ya damu hiyo hubaki upande wa nje wa figo, penye vichujio, na ni kiasi cha moja ya kumi tu kinachofika ndani, ambako mirija hufanya kazi nzito ya kusukuma chumvi ili kuirudisha mwilini. Seli za mirija hiyo hutumia karibu oksijeni yote zinayoletewa, hivyo hazina akiba hata mtu akiwa mzima. Mtiririko wa damu ukipungua, iwe ni kwa kutokwa na damu, kupungukiwa maji mwilini, moyo kudhoofika au maambukizi makali yanayoangusha presha, seli hizo huwa miongoni mwa za kwanza kuathirika. Huvimba, hujibandua kutoka kwenye kuta za mirija na kuiziba.

Sasa tufanye hesabu ambayo wanaonionyesha mfuko wa mkojo hawaifanyi. Figo nzima huchuja takriban mililita 120 kwa dakika, karibu lita 170 au 180 kwa siku, na mirija hurudisha zaidi ya asilimia 99 ya maji hayo mwilini, hivyo mtu hukojoa lita 1 hadi 2 tu. Chukua mgonjwa ambaye uchujaji wake umeanguka hadi mililita 10 kwa dakika. Kwa siku atachuja lita 14.4. Kwa kuwa mirija yake imeumia na haiwezi kurudisha maji ipasavyo, asilimia 10 tu ikiponyoka, atakojoa karibu lita 1.4, kiasi kile kile anachokojoa jirani yake mwenye figo salama. Tofauti ni kwamba mkojo wake ni maji yaliyobeba taka kidogo sana, huku urea, potasiamu na asidi vikirundikana kwenye damu.

Ndiyo maana rangi nayo hudanganya. Damu inayofika kwenye figo inapoanza kupungua, figo ambayo bado ni nzima hubana matumizi: hushikilia chumvi na maji, na kutoa mkojo mchache wenye rangi iliyokolea. Huo ni mkojo wa figo inayojihami, na mara nyingi mtiririko wa damu ukirejeshwa mapema kila kitu hurudi kama kilivyokuwa. Mgonjwa yule yule akianza kutoa mkojo mwingi mweupe kama maji huku kreatinini ikizidi kupanda, familia hufurahi, nami huanza kuwa na wasiwasi kwa sababu huenda mirija imekwisha kupoteza uwezo wa kukoleza mkojo.

Sisemi kwamba kiasi cha mkojo hakina maana. Ukishuka chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa muda wa saa 6 au zaidi, hilo peke yake linatosha kuitwa jeraha la ghafla la figo. Kosa ni kuigeuza kanuni hiyo na kudai kwamba anayekojoa amesalimika. Hata kreatinini haisemi kila kitu, kwani huchelewa kupanda kwa siku moja au mbili baada ya jeraha, na kwa hiyo kipimo kimoja kilichochukuliwa mapema hakinitulizi, nataka kirudiwe. Na tafadhali, msiniombe furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo, "ili afungue figo". Dawa hiyo humsaidia mgonjwa aliyejaa maji, lakini haiponyi mirija, na kumpa mtu aliyekaukiwa ni kumwongezea ukame.

Kuna dhana ya pili inayotembea na hiyo: kwamba dawa za kutuliza maumivu zinazouzwa bila cheti haziwezi kudhuru zikinywewa siku chache. Kwa kijana mwenye afya na maji ya kutosha mwilini, aghalabu hilo ni kweli. Lakini damu inayofika kwenye figo inapopungua, figo hutegemea prostaglandini, kemikali zinazotengenezwa na mwili wenyewe, kuupanua mshipa mdogo unaoingia kwenye kichujio, na ibuprofeni au diklofenaki huzuia prostaglandini hizo kutengenezwa. Kwa mtu ambaye tayari anatumia losartani au enalaprili, dawa za presha ambazo huulegeza mshipa unaotoka, pamoja na dawa ya kupunguza maji, shinikizo ndani ya kichujio hukosa kitu cha kulishikilia. Ushauri ninaourudia hadi wauguzi wangu wananicheka ni huu: ukiwa unatapika, unaharisha au una homa kali, usiguse dawa za kundi la ibuprofeni, na siku hiyo hiyo muulize anayekutibu kama dawa zako za presha zisimamishwe kwa muda.

Kwa muda, nasema. Wapo wanaosikia maneno hayo wakaondoka na imani kwamba dawa za presha ndizo zinazoua figo, kisha wakaziacha moja kwa moja. Kreatinini kupanda kidogo, hadi kama asilimia 30, mtu anapoanzishiwa dawa hizo ni jambo tunalolitarajia na kwa kawaida halitufanyi tuziache. Ikipanda zaidi ya hapo, tunatafuta sababu, mojawapo ikiwa kusinyaa kwa ateri (mishipa inayopeleka damu) za figo zote mbili.

Wengine husubiri maumivu ya mgongo. Figo inayokosa damu polepole haiumi, na maumivu mengi ya mgongo hutoka kwenye misuli na mifupa. Wengine hunywa maji kupita kiasi ili "kuzisafisha". Maji humfaa aliyepungukiwa, ila hayafungui ateri iliyoziba, na mwenye moyo dhaifu yanaweza kumjaa mapafuni.

Kuhusu ateri iliyosinyaa, wengi huamini kwamba kuitanua na kuiwekea stenti, kibomba cha wavu kinachoishikilia iwe wazi, ndiyo tiba kwa kila mtu. Utafiti wa CORAL uliochapishwa mwaka 2014, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 900 ambao ateri zao zilisinyaa kwa mafuta yaliyoganda kwenye kuta, haukuona stenti ikiongeza faida juu ya dawa katika kuzuia matatizo ya moyo na figo. Nafasi yake ipo kwa wachache, kama wale ambao mapafu yao hujaa maji ghafla mara kwa mara. Tofauti na hao ni wanawake wenye umri mdogo ambao ukuta wa ateri yao una kasoro ya nyuzinyuzi na misuli, si mafuta: kwao, kuitanua kwa puto bila stenti huweza kuishusha presha, na baadhi yao huacha dawa kabisa.