Mzee aliyeongeza miaka 17 ndani ya miaka 10

Wanaoanza kutafuta mababu zao wa Ayalandi huniletea tatizo hili mara kwa mara, wakidhani wamemfuata mtu siye. Kwenye sensa ya 1901 babu ana miaka 53. Kwenye sensa ya 1911, mke ni yule yule na kitongoji ni kile kile, lakini babu ana miaka 70. Huyo ni babu yako. Usimwache.

Kilichoingia katikati ni pensheni. Sheria ilipitishwa 1908, na kuanzia Januari 1909 mzee maskini aliyefikisha miaka 70 aliweza kulipwa hadi shilingi 5 kwa wiki. Sasa umri wake authibitishe kwa kitu gani? Serikali ilianza kuandikisha vizazi vyote mwaka 1864 tu, kwa hiyo wazee wale hawakuwa na cheti. Wengi walijieleza kama wazee wetu wanavyojihesabia kwa mwaka wa njaa au wa nzige: walisema wanaukumbuka Upepo Mkuu, dhoruba iliyoezua nyumba usiku wa Januari 6, 1839. Wapo walioongeza chumvi. Lakini wapo pia ambao hawakuwahi kujua umri wao, na ule wa 1901 ndio uliokuwa wa kukisia. Ndiyo maana huwa sikubali mzee aitwe mwongo kabla hatujatazama fomu yake ya kuomba atafutwe kwenye sensa za zamani.

Fomu hizo ndizo nizipendazo kuliko nyaraka zote za nchi ile. Ili kupata ushahidi, mwombaji aliomba atafutwe kwenye sensa za 1841 na 1851 zilizohifadhiwa Dublin. Alitaja baba yake, mama yake (mara nyingi pamoja na jina la ukoo wa mama kabla ya kuolewa), kitongoji, parokia na kaunti. Karani alifungua madaftari, na akimpata alinakili alichokiona, pengine kaya nzima, watoto na umri wao. Juni 30, 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeanza, jengo la kumbukumbu pale Four Courts, makao ya mahakama mjini Dublin, liliteketea, na sensa hizo karibu zote zikaishia humo. Nakala za makarani zikabaki. Leo zinasomwa mtandaoni bila malipo, kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Ayalandi.

Ukizitafuta, anza na kitongoji, kisha jina. O' na Mac za mbele ya majina ya ukoo zilikuwa zikidondoka na kurudi, na tahajia ilitegemea sikio la karani. Ukishajua parokia, nenda kwenye madaftari ya ubatizo ya Kikatoliki yaliyowekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa. Yameandikwa kwa Kilatini mara nyingi, hivyo James utamkuta akiitwa Jacobus.

Na fomu iliyoandikwa kwamba mtu hakupatikana, isome hadi mwisho. Karani hakumwona kwenye sensa, lakini majina ya wazazi mzee aliyataja mwenyewe.