Mizani ya shairi ni nini, na kwa nini vidole havitoshi

Ukiuliza mizani iko wapi pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, utaonyeshwa ile ya kupimia mchele. Dereva wa lori anayetoka Tunduma kwenda Dar es Salaam atakutajia ile ya malori pale Makambako, na huenda akasonya kidogo. Mwanafunzi wa sekondari yeye atanyoosha vidole na kuanza kuhesabu.

Wote watatu wamejibu sawa. Neno lenyewe lilitoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya chombo cha kupimia uzito, na watunzi wa pwani wakalichukua kupimia maneno. Katika ushairi, mizani ni hesabu ya silabi zilizomo katika mshororo. Shairi la tarbia, lile la mishororo minne kwa kila ubeti, kwa kawaida hubeba mizani 16 kila mshororo: 8 upande wa ukwapi, yaani kipande cha kwanza, 8 upande wa utao, kipande cha pili. Utenzi huenda na 8 tu.

Hapo ndipo masomo mengi huishia. Nakumbuka darasa letu, shule siitaji: mwalimu aliandika ubeti ubaoni, tukahesabu, tukaandika "mizani 16, vina vya kati na vya mwisho vipo", tukafunga madaftari. Katika muhula mzima hakuna aliyeufungulia kinywa ubeti hata mmoja. Tulikuwa kama karani wa ghala anayesoma lebo za magunia na hajui ndani mna mahindi au mbolea.

Na kwa watu wa nyanda za juu, gunia ndilo mfano unaofaa. Mkulima wa viazi anaijua lumbesa: gunia limejaa hadi mdomoni, mnunuzi anaongeza, anaongeza tena, kisha anashona kilemba cha kamba juu yake, na bei inabaki ya gunia moja. Mshororo uliozidisha mizani ni lumbesa hiyohiyo. Sikiliza huu ulio sawa, nimeutunga kwa ajili ya somo hili:

Viazi vya Uporoto, lumbesa wavifungia,
Nimelima kwa majuto, jembe langu nalilia,
Mzigo kama mtoto, kwa juu wachungulia,
Mizani, wapi mizani, nani atanipimia?

Usome kwa sauti, tena mara mbili. Sasa badilisha mwanzo useme "Viazi vyetu vya Uporoto". Maana haijaharibika, lakini ulimi umejikwaa, kwa sababu vipande vingine vina 8 na hiki kina 10. Ukisema "Viazi vya Mbeya" unapata 6, na sauti inabaki ikining'inia kama mtu aliyekosa ngazi ya mwisho gizani. Hukuhitaji kidole kulitambua hilo. Sikio limekwambia kabla hujafika mwisho.

Angalia pia neno "wavifungia". Sokoni tungesema "wanavifungia", ila silabi moja ingezidi. Kupunguza namna hii ndiko kunakoitwa inkisari, na "mwana wangu" kuwa "mwanangu" ni ndugu yake. Kinyume chake ni mazida, kama "afya" inapovutwa ikawa "afiya" ili kujaza pengo. Wanafunzi hufundishwa maneno haya mawili kama uhuru wa mshairi, jambo ambalo ni kweli, lakini uhuru huo una deni: ukipunguza neno mpaka msikilizaji asilitambue, umeokoa mizani ukapoteza shairi.

Kuhesabu kwenyewe kuna mitego, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Kanuni ni fupi: kila irabu ni mizani moja. I-ri-nga, tatu. Ma-ka-mba-ko, nne. Mbe-ya, mbili, maana "mb" hushikamana. Basi mtoto akishazoea hivyo, mpe "Mkwawa". Atasema mbili, nawe umsahihishe: m-kwa-wa, tatu, kwa kuwa hiyo "m" inasimama peke yake kama silabi. Mbozi ina mbili, lakini Mlowo, iliyo palepale Mbozi, ina tatu.

Halafu mpe "mbu" na "mbuzi". Mdudu na mnyama, mizani sawa! Mbu-zi ni mbili, na m-bu nayo ni mbili, kwa sababu neno fupi namna hiyo huifanya "m" ibebe mkazo wake yenyewe. Ndivyo zilivyo "nchi", "nne" na "nge". Mtego mkubwa kuliko yote ni "mbaya". Katika "mtu mbaya" kuna m-tu m-ba-ya, tano. Katika "njia mbaya" kuna nji-a mba-ya, nne. Herufi ni zilezile, ila mizani imebadilika, kwa kuwa "m" ya mtu ni kiambishi chenye silabi yake na ile ya njia imemezwa. Daftari halikuonyeshi tofauti hiyo. Lazima useme.

Kwa mtoto aliyelelewa kwa Kinyakyusa, lugha inayotofautisha irabu ndefu na fupi, "saa" ni rahisi kusikika kama silabi moja iliyovutwa. Katika mizani ya Kiswahili ni sa-a, mbili, kama "kondoo" ilivyo tatu. Huo si ujinga wa mtoto. Ni sikio lililofunzwa vizuri na lugha nyingine, na mwalimu anayejua hivyo atasahihisha kwa dakika mbili bila kumwaibisha mtu.

Watunzi wa kale walihesabuje? Kuna hati za tenzi za tangu karne ya 18, na Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Kwa hiyo watu walitunga kwa mizani kwa vizazi vingi kabla ya kitabu hicho. Shairi lilighaniwa, na mahadhi ndiyo yaliyokuwa kipimo: silabi ikizidi, wimbo unakataa.

Huku kwetu pwani iko mbali, lakini mahadhi tunayo. Wamoravian wamekuwapo Rungwe tangu 1891, na Jumapili ukipita Tukuyu utasikia kwaya kabla hujaliona kanisa. Kijana anayeimba besi kwaya hiyo anajua, bila kufundishwa neno "silabi", kwamba ubeti wa tatu una neno linalobanwa ili liingie kwenye noti. Jumatatu yule yule anakaa darasani akiamini mizani ni hesabu ya kufaulia mtihani. Ningekuwa na mamlaka, ningeanza somo kwa kumwambia aimbe ubeti wa shairi kwa mahadhi yoyote anayoyajua, wenzake wakipiga dawati. Kuhesabu kungekuja mwisho, kama uthibitisho.

Yako mashairi yasiyopimwa hivi. Mshairi Euphrase Kezilahabi alitoa diwani yake, Kichomi, mwaka 1974 akiwa ameachana na vina na mizani, na ubishi uliozuka baina ya wanamapokeo na wanausasa bado unapoa polepole. Kumwambia mwanafunzi ataje mizani ya shairi la aina hiyo ni kumpeleka mwenda kwa miguu apimwe mizani ya malori. Muulize lina mwendo gani, linasimama wapi na kwa nini.

Lakini mahali ambapo jamii nzima hukutana na mizani, ipende isipende, ni kwenye ngonjera. Mahafali, ziara za viongozi, Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale: watoto wamejipanga mistari miwili, mmoja anahoji, mwingine anajibu. Mashaka huanza pale mgeni anapotakiwa kutajwa kwa cheo. "Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa" ni mizani 12, na kipande kina nafasi ya 8. Nimeona watoto wakilikimbia jina hilo kwa pumzi moja kama wanaovuka barabara, kisha wanarudi kwenye mwendo wao taratibu, na wazazi wanacheka bila kujua hasa wamechekeshwa na nini. Mwalimu mmoja alipata dawa siku moja kabla ya sherehe. Alifuta cheo chote akaandika "Mheshimiwa mgeni". M-he-shi-mi-wa, tano, m-ge-ni, tatu. Mgeni aliitikia kwa kuinua mkono.